Siku 1000 zikiisha ndiyo basi? Binti yangu amebakiza 61

FundiSpoki (Ngamiani, Tanga), Jumatatu saa 4:12 usiku

Wakubwa shikamoo, wenzangu salaam.

Mimi ni fundi baiskeli, banda langu lipo Ngamiani. Ukutani nimetundika kalenda niliyopewa na duka la vifaa vya ujenzi, na kila asubuhi kabla sijagusa tyubu ya kwanza nakata tarehe moja kwa kalamu nyekundu. Wateja wanadhani nahesabu kodi ya banda. Nahesabu ubongo wa mtoto.

Nina binti wa mwaka mmoja na miezi kumi. Mwezi uliopita bibi yake aliamka magoti yamemvimba, ikabidi nimpeleke mimi kliniki. Mwanamume peke yangu benchi zima, mtoto mkono huu, kadi mkono huu, kina mama wananiangalia kama nimekosea mlango. Kabla ya mzani mhudumu akatoa somo. Akasema siku 1000 za kwanza, kuanzia mimba mpaka mtoto anatimiza miaka miwili, ndizo zinazojenga ubongo, na zikipita zimepita. Wenzangu walikuwa wanapiga soga zao. Mimi hilo "zikipita zimepita" lilinikaa kooni. Nikapiga hesabu nyuma ya boksi la solusheni: siku 270 za tumboni, na 669 tangu azaliwe mpaka leo. Jumla 939. Zimebaki 61.

Sasa sikilizeni hizo 939 zilivyokwenda. Tulikuwa na mkopo, ile mikopo ya kausha damu, sitaki hata kuusimulia. Mtoto alipofika miezi tisa mama yake akaenda Muscat kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Maziwa yakakatika siku ileile. Mtoto analelewa na mama yangu, Mdigo wa Mkinga, na nyumbani lugha ni Kidigo. Kiswahili anakisikia kwangu nikirudi, saa moja au moja na nusu kabla hajalala. Mama magoti hayamruhusu kumkimbiza, kwa hiyo tulimpa ile simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, tukamwekea katuni. Akila katuni, akilia katuni. Za Kiingereza, tena nilikuwa najisifu kijiweni kwamba wangu atakuwa na Kiingereza kabla hajaota magego.

Ana maneno matatu. "Baba", "nyam" akitaka chakula, na "bai". Nimehesabu mara nyingi, hayaongezeki. Mtoto wa jirani ni mdogo kwake kwa mwezi, juzi nimemsikia kwa masikio yangu anamwambia mama yake "nataka maji". Wangu ananyoosha kidole, au analia, au anatoa kile kisauti chake kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, "dzi, dzi". Mama anasema niache wahaka, hata mimi nilichelewa kusema.

Naomba kuuliza. Hizo siku 61 zikiisha ndiyo mlango umefungwa? Kidigo na Kiswahili vinamchanganya? Na kubwa kuliko yote, nimwambie mke wangu avunje mkataba arudi? Tiketi ya kurudi kabla ya muda tutalipa wenyewe, na deni bado lipo.

---

Mwambao82, Jumatatu saa 4:40 usiku

Ndugu, umeuza ubongo wa mwanao kwa riali. Mtoto bila mama ubongo haukui, hilo limeshapimwa. Soma habari za watoto wa vituo vya yatima Romania uone walivyokuwa, wengine walikuwa wanajitikisa mbele na nyuma kutwa nzima. Mrudishe mkeo kesho. Deni hulipwa, mtoto halipwi.

---

MwalimuTausi, Jumatatu saa 5:05 usiku

Pole kaka. Ushauri wangu mfupi, mtafutie shule ya awali ya Kiingereza yenye darasa la watoto wadogo, siku hizi wanapokea hata wa miaka miwili. Akikaa na wenzake ataongea tu. Hapa mjini zipo nyingi, ada zinatofautiana.

---

NesiMstaafu_Chumbageni, Jumanne saa 12:20 asubuhi

Marahaba mwanangu. Mimi nimemaliza miaka 31 kati ya wodi ya watoto na kliniki ya mama na mtoto, sasa nauza kashata na kubishana humu ndani.

Kabla ya ubongo nakuuliza sikio. Amewahi kutoka usaha sikioni? Ukimwita kwa nyuma hajakuona, anageuka? Usimpigie makofi kumpima, makofi yanasukuma upepo na mtoto anageukia upepo. Wewe una kengele za baiskeli, Mungu amekurahisishia. Akiwa amekupa mgongo anacheza, piga moja polepole. Subiri. Halafu mwite jina lake kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona. Uje uniambie alichofanya. Habari za Muscat na za Kiingereza zitangoja.

Kwa nini nang'ang'ania sikio? Kuna watafiti wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walipewa Nobel mwaka 1981. Waliwashona paka wachanga kope za jicho moja kwa wiki kadhaa, kisha wakazifungua. Jicho lilikuwa zima kabisa, halina kovu wala ukungu, lakini paka kwa jicho lile hakuona vizuri tena, maana ile sehemu ya ubongo iliyokuwa inalingoja jicho hilo ilishachukuliwa na jicho la pili. Paka mzima ukimfanyia hivyohivyo hapati neno. Ndiyo sababu mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho hatumwambii mzazi asubiri akue. Na sikio ni ndugu yake jicho. Sauti isipoingia, ubongo hauna cha kufanyia kazi, na hapo hata ungemletea mama yake, na bibi wawili, na mwalimu wa Kiingereza, wote wangekuwa wanaongea na ukuta.

Mtoto wa miezi 22 mwenye maneno matatu lazima aonwe na daktari. Sikutishi. Mama yako anasema hata wewe ulichelewa, huenda kweli, lakini tumewapoteza watoto wengi kwa "hata baba yake alichelewa". Umesema ananyoosha kidole. Hilo limenifurahisha kuliko unavyodhani. Mtoto anayenyoosha kidole kukuonyesha kitu ameshajua kwamba wewe una akili yako na macho yako, na anaweza kuyavuta yaje kwenye jambo lake. Neno linapandwa juu ya kidole hicho.

Haya, kalenda yako. Hesabu ya siku 1000 ilianzia kwa watu wa lishe. Mtoto akikosa chakula cha maana katika kipindi hicho anadumaa, na udumavu ulioingia kabla ya miaka miwili ni mgumu kuurudisha. Kwenye utafiti wa taifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo huyo mhudumu alikuwa na haki ya kupiga kelele. Alikosea pale aliposema zimepita, kana kwamba ubongo ni duka la Mhindi, saa kumi na mbili jioni anashusha shata.

Mtoto anazaliwa na ubongo wenye uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima. Akifika miaka miwili umekaribia robo tatu au kupita kidogo, akifika mitano au sita ni kama tisa ya kumi. Katika miaka hiyo ya mwanzo chembe zinaunganishana kwa kasi ya zaidi ya viungo milioni moja kwa sekunde, hiyo ni hesabu wanayotoa wataalamu wa Harvard. Kisha unaanza kupogolewa. Watu wa Muheza mnajua, mchungwa wenye matawi mengi kupita kiasi hauzai sawasawa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mtu na panga. Kiungo kinachotumika kinaimarika, kisichotumika kinanyauka chenyewe. Na kazi hiyo haifanyiki pote kwa wakati mmoja. Ya kuona na kusikia inatangulia, ya lugha inafuata, na sehemu ya mbele ya paji, ile ya kujizuia na kupanga mambo, inaendelea mpaka mtu anapita miaka 20 (ndiyo maana vijana wa bodaboda wako vile). Kwa hiyo milango ni mingi, na haifungwi siku moja. Siku ya 1001 mwanao ataamka na ubongo uleule aliolala nao.

Katuni sasa. Watafiti wa Marekani, akiwemo Patricia Kuhl, mwaka 2003 walitoa matokeo ya jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Tanga alijue. Walichukua watoto wa miezi tisa wa nyumba za Kiingereza, wakawaletea wasemaji wa Kichina wakae nao chini, wawasomee na kucheza nao, vipindi 12. Watoto wakazishika sauti za Kichina. Kundi jingine likapewa watu walewale, maneno yaleyale, ila kwenye televisheni. Hawakushika kitu. Mtu anakuangalia, anangoja umalize sauti yako ndipo na yeye aseme, akiona umemtazama kuku anasema "kuku". Katuni haijui kama mwanao yupo chumbani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Mwalimu Tausi, samahani mwanangu, lakini darasa la watoto 30 wa miaka miwili na dada mmoja anayeimba Kiingereza cha kukariri ni katuni yenye ada.

Kidigo hakimchanganyi. Watoto wa pwani hii tangu zamani wanakua na lugha mbili tatu na hawajawahi kuwa mabubu. Mtoto wa lugha mbili maneno yake unayahesabu kwa jumla, ya huku na ya kule. Je, hayo matatu umehesabu wewe au mmehesabu na bibi yake? Mwambie mama yako asiache Kidigo hata siku moja ili kumsaidia mtoto na Kiswahili, kwa sababu kwa Kidigo anatania, anakemea, anasimulia, na kwa Kiswahili nina hakika anatoa amri tu.

Na wewe Mwambao82, umeisoma Romania nusu. Vituo vile vilijulikana duniani baada ya Ceaușescu kuanguka, Desemba 1989. Kuanzia mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu wakapelekwa kulelewa kwenye familia, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu ya akili na ya kushikamana na watu, na waliokwenda kabla ya kutimiza miaka miwili walipata zaidi. Sasa jiulize, wale waliowapokea walikuwa nani? Hawakuwa mama zao wa kuwazaa. Walikuwa walezi. Kilichowainua ni kupata mtu mmoja ambaye ni wao, anayewajua, aliyepo leo na atakayekuwepo kesho. Kituoni yaya walikuwa wanapokezana zamu, mtoto mmoja katika wengi. Mtoto wa huyu kijana ana bibi. Wale hawakuwa na bibi.

Mwanangu, nenda na kadi ya kliniki uone mstari wake wa uzito unavyokwenda. Mpimishe na wekundu wa damu, upungufu wa madini ya chuma nao unauchelewesha ubongo. Bada, huo ugali wetu wa muhogo, na mchuzi mtupu haitoshi, dagaa wapo, mayai yapo. Na kama mama yako anampaka wanja, aache. Najua tutagombana. Wanja wa dukani mwingine una risasi ndani yake, na risasi kwa ubongo wa mtoto haina kiasi cha salama.

Nangoja habari ya kengele.

---

UmmNasra_Makorora, Jumanne saa 2:15 usiku

Kaka, mimi nimefanya kazi Oman miaka minne, mikataba miwili, na mwanangu nilimwacha na dada yangu Makorora. Mwambao82 sina la kumwambia, kulala kwangu kule nilishajiambia maneno hayo yote kabla yake, na makali zaidi.

Nakuuliza jambo moja. Mkeo anapiga simu saa ngapi? Najua unavyojibu. Anapiga saa nne usiku ya kule akishaosha vyombo vya mwisho, kwenu ni saa tatu, mtoto amesinzia, mnamwamsha, analia, mama naye analia, mnakata. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Mwanangu akawa akisikia mlio wa imo, ile ya kupigia simu za video, anajificha nyuma ya mlango.

Kule baada ya chakula cha mchana nyumba nyingi zinalala. Saa nane mpaka saa tisa na nusu hivi ni kimya, AC tu. Kwenu ni saa saba mchana, mtoto yupo macho, ameshiba. Mwambie aombe hiyo nusu saa kwa tajiri wake kwa upole, asiombe usiku. Na wakati huo asimuulize mtoto "unanipenda? umenikumbuka?" Amuulize yupo na nani, ameshika nini. Mimi nilikuwa namwonyesha vijiko, naficha uso nyuma ya shela, natokea. Ndivyo alivyonirudia.

Ila sijui kama kwenye ubongo hiyo simu inahesabika, au nayo ni katuni. Nesi atatuambia.

---

FundiSpoki, Jumatano saa 3:30 usiku

Mama shikamoo. Dada UmmNasra, umenichungulia dirishani kwangu? Ni saa tatu kamili, na analia.

Kengele. Nimempima mara tatu, na nimetumia zile za chuma za Phoenix. Anageuka. Nikafurahi, nikataka kuja kukuandikia hapohapo. Kisha nikamwita jina lake kwa sauti ya chini kama ulivyosema. Hakugeuka. Nikapandisha kidogo, hakugeuka. Nikapandisha mpaka mama yangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, ndipo mtoto akageuka.

Nikamuuliza mama habari ya usaha. Akasema msimu wa mvua uliopita sikio la kulia lilitoka maji yenye harufu siku kadhaa, akampasha mafuta ya nazi akamtilia, likakauka. Mimi nilikuwa bandani, sikuambiwa. Yeye aliona limepona, sasa aseme nini?

Kesho nafunga banda.

---

NesiMstaafu_Chumbageni, Jumatano saa 4:05 usiku

Usimgombeze mama yako. Kila bibi wa pwani hii ametia mafuta ya nazi sikioni, na wa kwangu mimi mwenyewe alinitilia. Lakini lisirudiwe, hakuna mafuta, hakuna maziwa ya mama, hakuna kitunguu. Likitoka usaha tena linakaushwa tu kwa kitambaa safi laini kilichosokotwa, unakiingiza, unakitoa kimelowa, unaweka kingine mpaka kitoke kikavu, halafu hospitali. Ulichoniambia kinanifanya nihisi majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto wa namna hiyo si kiziwi, anasikia kama mtu aliyezama kichwa kwenye ndoo. Kengele inapenya, jina lake halipenyi. Uombe aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na uombe kipimo cha usikivu hata kama watakwambia mtoto bado mdogo.

UmmNasra, Mungu akujaze kheri. Simu inahesabika. Marekani mwaka 2014 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa miezi 24 mpaka 30. Waliofundishwa maneno mapya na mtu wa kwenye simu ya video, anayewaona na kuwajibu papo kwa papo, waliyajifunza. Waliowekewa mtu yuleyule akiwa amerekodiwa, hawakuyajifunza. Kioo ni kilekile. Kwa hiyo fundi, ile simu yenye kioo kilichopasuka usiivunje, futa katuni zake umwachie mama yake aingie humo.

Jambo la mwisho nikalale. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 mpaka 24. Baadhi yao wakawa wanatembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, miaka miwili, na wahudumu wa afya wa kawaida wa mitaani, siyo madaktari. Walichokuwa wanabeba ni vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa tupu, vifuniko na maboksi, na walikuwa wanamfundisha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Baada ya miaka 20 watafiti wakawarudia. Waliokuwa wametembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Saa moja kwa wiki! Wewe unayo saa moja na nusu kila siku, na banda limejaa kengele, vifuniko vya pampu na mipira ya tyubu. Vioshe tu grisi.

---

Mwambao82, Alhamisi saa 1:50 usiku

Nesi nimekuelewa kuhusu wale walezi. Bado naona mama ni mama.

---

NesiMstaafu_Chumbageni, Alhamisi saa 2:02 usiku

Nani amesema siyo? Na baba je, mbona yeye hukumwambia arudi nyumbani saa kumi?

---

FundiSpoki, Jumapili saa 3:10 usiku

Wakubwa shikamoo. Naleta mrejesho.

Alhamisi tumekaa foleni tangu saa mbili mpaka saa nane. Daktari wa masikio amemchungulia kwa kile kitaa, mtoto amenipiga teke la pua. Ngoma ya kulia ilitoboka ile siku ya usaha na imejifunga yenyewe, lakini nyuma ya ngoma zote mbili kuna majimaji, kama Nesi alivyosema. Amesema mara nyingi hukauka bila kufanyiwa kitu, nimrudishe baada ya miezi mitatu, na yasipokauka tutazungumza habari ya kuyatoa. Wekundu wa damu upo chini kidogo, tumepewa dawa ya madini ya chuma, inampaka meno weusi na mama ameshailaani. Wanja tumegombana kweli. Tumekubaliana nusu, atampaka siku ya Idi tu, Nesi usinijibu hapo.

Daktari amenielekeza kitu kimoja ambacho nakifanya kila siku. Nisimsemeshe kwa mbali. Nishuke chini, uso kwa uso, aone mdomo wangu, nizime redio. Asubuhi sasa namchukua bandani mpaka saa nne, nimemtandikia mkeka pembeni ya mashine ya kunyooshea rimu. Nampa kengele tatu za sauti tofauti. Nazungumza naye kila ninachofanya, "baba anavua cheni, baba anatia mafuta", wateja wananicheka, mmoja akaniambia fundi umepata mwanafunzi mzembe. Kalenda bado ipo ukutani ila kalamu nyekundu ameichukua yeye.

Mke wangu harudi sasa. Tumezungumza, imebaki miezi 11, ameomba nusu saa ya mchana na tajiri wake amekubali siku nne kwa wiki. Sijui tumefanya sawa au vipi. Akirudi mtoto atakuwa na miaka miwili na miezi tisa.

Sasa lile swali la Nesi, nani aliyahesabu yale maneno matatu. Niliyahesabu mimi. Ijumaa usiku nikamwambia mama naye ahesabu, akakaa na mtoto kutwa ya Jumamosi anakunja vidole. Jioni akanipa kumi na moja. Nikabisha. Akamwita mtoto, akashuka chini kwa taabu na magoti yake, akauliza kwa Kidigo hiki kiko wapi, kile kiko wapi, na mtoto anajibu. Nusu nusu, vipande, lakini anajibu, na kila mara ni kipande kilekile kwa kitu kilekile. Mimi nilikuwa nasikiliza Kiswahili tu.

Leo saa saba mchana imo ikalia. Mtoto alikuwa macho. Mama yake akajificha kwenye kanga, akatokea, mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, akaenda nayo mpaka kwenye mtungi wa bibi yake, akaigeuza kioo kiangalie mtungi, akasema, "Dzi."

Mke wangu ni Mbondei wa Muheza, Kidigo hajui. Akauliza, "Anasemaje?"

Mama yangu akanitangulia kujibu: "Madzi. Anakukaribisha maji."